Alama 97 za Marehemu Mwalimu Walter

Jamani, mtu tuliyemzika Jumatatu alinitumia alama siku ya Alhamisi!

Msicheke. Mwenzenu sikuota, na wala sizungumzii mizimu.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nimefungua steshenari yangu hapa Masasi, nimewasha kompyuta, nimefungua jedwali la alama nione nani ametuma na nani bado. Chai hata sijaigusa.

Mstari wa mwisho kabisa ukasomeka hivi:

Mhakiki: MWALIMU WALTER. Gemu: MTEREMKO. Kifaa: SIMU. Alama: 97. Imetumwa Alhamisi, saa tano asubuhi.

Nikausoma. Nikausoma tena.

Nikalifunga jedwali, nikalifungua upya. Mstari bado upo...

Mwalimu Walter nilikuwepo kwenye mazishi yake Newala! Niliona jeneza likishuka kwa macho yangu haya. Nilimwona mkewe akishikwa huku na huku asianguke.

Sasa huyu aliyetoa 97 ni nani???

Ngoja niwaeleze kidogo ili twende pamoja.

Mimi naitwa Shamila. Nina miaka ishirini na nane. Mnaonifahamu mnanifahamu kwa ukurasa wa Wastani wa Magemu, ule wenye wafuasi elfu sitini na moja.

Kazi yetu ni moja. Gemu likitoka, wahakiki wetu kumi na wanne, wa Masasi, Ndanda, Newala na kwingine, wanalicheza. Kila mmoja anaandika maelezo yake kwenye fomu yetu ya mtandaoni na anatoa alama, mia ikiwa ya juu kabisa. Sisi tunajumlisha, tunagawa, tunapata wastani, tunapanga nani wa kwanza nani wa mwisho.

Simu ina orodha yake. Kompyuta ina orodha yake. PS, ile mashine ya kuchezea magemu kwenye TV, ina orodha yake. Maana gemu lilelile moja unaweza kulipenda kwenye PS mpaka ukasahau kula, likifika kwenye simu ni takataka tupu.

Na kama halijapata wahakiki watano kwenye kifaa husika, haliingii kwenye orodha. Sheria hiyo niliitunga mimi.

Ukurasa huu nauendesha na rafiki yangu Sabina. Yeye anasoma maelezo. Mimi nashughulika na namba.

Mwanzoni nilikuwa nasoma yote, neno kwa neno. Baadaye yakawa mengi, nikazoea kuangalia namba peke yake. Kosa hilo lishikeni, nitawakumbusha mbele.

Sasa hapa ndipo pagumu.

Gemu la Mteremko lilitengenezwa na Tahiri. Ni gemu la bodaboda anayeshusha magunia ya korosho kutoka Newala mpaka bondeni huku kwetu.

Na Tahiri alikuwa mchumba wangu!

Posa imeshakuja, wazee wameshazungumza, ndoa imepangwa baada ya Idi. Wafuasi wangu elfu sitini na moja hakuna aliyejua. Sabina alinisihi mara tatu.

"Shamila, waambie watu."

"Nikiwaambia watasema nampendelea."

"Na wakijigundulia wenyewe watasema nini?"

Nikamjibu tutaona.

Kulikuwa na kampuni moja ya Dar es Salaam iliyotaka kuweka magemu ya Kitanzania kwenye simu mpya kabla hazijauzwa. Walisema wazi: gemu lolote lenye wastani wa themanini kwenda juu kwenye orodha ya simu, Jumamosi saa kumi jioni, wanalichukua.

Tahiri ni fundi simu pale karibu na stendi. Alijifunza kutengeneza magemu peke yake, miaka minne, kwa kompyuta aliyounganisha kutoka kwenye kompyuta mbovu za watu. Ile ndiyo ilikuwa nafasi yake. Ya kwanza, na pengine ya mwisho.

Mpaka Jumatano wahakiki watano wa simu walikuwa wameshatoa alama. Wastani: sabini na saba.

Nikaweka ile 97 ya marehemu kwenye hesabu.

Themanini na nukta tatu!!!

Yaani imevuka mstari kwa unywele.

Nilikaa naitazama ile namba. Nani mwingine duniani angefaidika nayo? Mtu mmoja tu. Na kwenye simu ya mtu huyo, namba yangu ndiyo ya kwanza.

Nikajiambia, hapana. Tahiri hawezi. Tahiri ni mtu anayemrudia mteja barabarani kwa sababu amesahau kumrudishia kifuniko cha betri.

Simu ikaita.

Ni Kelvin, mhakiki wetu wa Newala.

"Dada Shamila, mambo? Samahani, nina swali. Sheria ya kwamba mwenye gemu haruhusiwi kuongea na wahakiki bado ipo?"

"Ipo. Kwa nini?"

"Basi tu... Jana nilipita kwa marehemu kutoa pole. Nimemkuta yule fundi wa Mteremko, Tahiri, kakaa barazani."

"Anafanya nini?"

Kelvin akashusha sauti.

"Alikuwa ameshika simu ya mwalimu."

Wadau, nilisikia baridi mgongoni, na jua la Masasi mnalijua.

"Saa ngapi hiyo?"

"Saa nne hivi. Saa nne na nusu."

Alama zimeingia saa tano!

Na mbaya zaidi, Alhamisi hiyohiyo, saa tano, nilimpigia Tahiri. Nilimuuliza uko wapi. Akanijibu, "Niko kibandani, nina kazi nyingi."

Alinidanganya. Bila hata kukohoa.

Nikazima kompyuta. Nikafunga steshenari. Mteja alikuwa mlangoni na vyeti vyake vya kutoa kopi, nikampita kama simwoni.

Nimemkuta Tahiri kibandani kwake, bisibisi mkononi, simu ya mtu imefunguliwa tumbo. Akatabasamu aliponiona. Lile tabasamu ndilo lililoniudhi.

"Jana ulikuwa wapi?"

Tabasamu likakatika.

"Shamila, karibu ukae kwanza..."

"Nimekuuliza ulikuwa wapi!"

Wateja wawili wakageuka. Akaweka bisibisi chini taratibu.

"Nilikwenda Newala."

"Kwa nani?"

"Kwa Mama Ida. Mke wa marehemu."

"Kufanya nini?"

"Mwalimu alipoanguka darasani, simu ilikuwa mfukoni. Kioo kikapasuka chote. Mama Ida alitaka kioo kipya ili aweze kuifungua, kuna picha na sauti za mwalimu humo. Aliuliza fundi, watu wakamtajia mimi. Nimekwenda, nimeweka kioo, nimerudi. Basi."

"Na kwa nini uliniambia uko hapa?"

"Kwa sababu ya sheria yako! Ningekwambia niko nyumbani kwa mhakiki, ungesemaje? Niliona mtu ameshafariki, hakuna ubaya. Nikaogopa kukukwaza. Hapo nimekosa, nakubali."

"Na 97 je?"

"Tisini na saba gani?"

Akanikazia macho. Nikamkazia.

"Usinifanye mtoto, Tahiri. Uliishika simu ya marehemu saa nne na nusu. Saa tano marehemu ametoa alama tisini na saba. Kwa gemu lako!"

Niliona rangi inamtoka usoni. Mimi nikasema, ameumbuka. Siku hizi nikikumbuka ule uso najua haukuwa wa mtu aliyeumbuka.

"Wallahi sikugusa fomu yoyote. Mpigie Mama Ida. Mpigie sasa hivi, hii hapa namba, umuulize."

"Nimpigie mjane wa wiki moja nimuulize habari za gemu? Huna hata aibu!"

"Shamila, nisikilize..."

"Nimekusikia vya kutosha."

Nikaivua pete. Nikaiweka juu ya meza yake, katikati ya skrubu na betri za watu. Nikaondoka.

Aliniita mara mbili. Mara ya tatu hakuniita.

Nyumbani mama alinikuta nimeshika simu naandika. Nikamweleza yote kwa hasira, nusu nalia.

"Umemsikiliza lakini?"

"Nimemsikia, mama."

"Sijakuuliza kama umemsikia."

 Nilishaanza kuandika posti ya kuweka kwenye ukurasa wetu.

Sabina nilimtafuta, hapatikani. Alikuwa amempeleka mama yake hospitali Ndanda, simu imezimwa. Ningemsubiri. Kila siku najiambia ningemsubiri, hata masaa mawili.

Lakini ndugu zangu, nilikuwa naogopa. Niliogopa Kelvin ataanza kusema. Niliogopa watu watagundua Tahiri ni wangu, waseme mimi ndiye niliyepika zile alama. Nikaona njia ya kujiokoa ni moja tu. Niwahi kusema mimi.

Nikaandika: "MTENGENEZA GEMU ATUMIA SIMU YA MAREHEMU KUJIPA ALAMA!!!" Nikaweka jina lake. Nikaweka picha ya kibanda chake. Nikaandika Mteremko limefutwa kwenye orodha zetu zote, simu, kompyuta, kila kitu.

Sikuandika kwamba ni mchumba wangu.

Nikabonyeza.

Aisee! Katika saa moja komenti elfu mbili. Watu wanashea kama wamelipwa. "Hana utu!" "Mchomeni huyo!" "Na huyo mjane naye, kauza simu ya mumewe kaburi halijakauka!"

Hiyo ya mjane niliiona. Nikaipita.

Saa kumi jioni mtu wa ile kampuni ya Dar akanitumia ujumbe: "Tumeona. Asante kwa uaminifu wako. Mteremko tumeliondoa kwenye mazungumzo."

Asante kwa uaminifu wako! Nikajisikia nimefanya kazi kubwa.

Kabla ya magharibi mtu akanitumia picha. Kibanda cha Tahiri kimefungwa. Mlangoni wameandika kwa rangi nyekundu: MWIZI WA MAITI.

 Nikajisemea, kajitakia mwenyewe. Nikajisemea mara nyingi sana, mpaka nikajishtukia.

Jumamosi asubuhi simu ikaita. Namba ilionyesha jina: MWALIMU WALTER.

Nusura niitupe!

Iliita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Nikapokea.

"Shamila?"

Sauti ya mwanamke. Nzito, ya mtu aliyelia siku nyingi.

"Ndiyo... shikamoo."

"Marahaba. Mimi Mama Ida. Watu wananitukana, mwanangu. Mtoto wangu wa miaka kumi kasomewa kwenye simu na wenzake kwamba mama yake ameuza simu ya baba yake. Nimeuliza yameanzia wapi, wakaniambia kwako."

"Mama Ida, mimi sikusema..."

"Njoo Newala. Njoo leo. Siongei na wewe kwenye simu."

Akakata.

Nilipanda gari la saa mbili. Tulipita Chiungutwa, tukaanza kupanda kwenda juu, mikorosho pande zote, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Kwamba mimi sikumtaja yeye. Kwamba mimi nilimtetea mumewe. Nilikuwa na hoja zangu saba.

Nilipofika, zote zilipotea.

Walikuwa bado wako msibani. Wanawake kama kumi wamekaa kwenye mikeka, wanaume upande wa pili kwenye viti. Nilipovua viatu, mazungumzo yakasimama. Wote walijua mimi ni nani.

"Shikamooni."

Wachache waliitikia.

Mama Ida alikuwa mwanamke mwembamba, amejifunga kanga nyeusi, macho yamevimba. Hakunikaribisha chai. Akanionyesha mahali pa kukaa, mbele yake.

"Nani alikwambia Tahiri ndiye aliyetuma?"

"Hakuna. Mimi... niliona saa. Na yeye alishika simu saa ileile."

"Aliweka kioo. Akaiwasha, akanipa mkononi. Nikamwambia angalia kama inafanya kazi, akasema, mama angalia wewe, mimi si vizuri kuingia ndani ya simu ya mzee. Hata maji ya kunywa alikataa, akasema anawahi gari. Akaondoka."

"Sasa nani...?"

"Mimi."



"Wewe, mama?"

"Mimi ndiye niliyetuma. Nilifungua simu, nikakuta ile fomu yenu iko wazi, palepale alipoiachia mume wangu. Maneno yote kaandika. Namba kaweka. Bado kutuma tu. Asubuhi ya Ijumaa ile aliyofariki aliniambia, Mama Ida, nikitoka shule leo namaliza kazi ya watu. Hakutoka."

Akafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nikaona niimalize mimi. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Nikabonyeza tuma. Ikakataa. Ikaniandikia kwa rangi nyekundu, chagua kifaa. Mimi nitajua kifaa gani? Mkononi nimeshika simu. Nikachagua simu."

Jamani...

JAMANI!

"Maneno yake uliyasoma?" akaniuliza.

Nikaangalia mkeka.

"Nakuuliza, binti. Aliandika maneno mengi. Siku tatu aliandika, anafuta, anaandika. Uliyasoma?"

"Niliona... niliona namba."

Mzee mmoja upande wa wanaume akacheka, kicheko kisicho na furaha.

Mama Ida akanipa simu. Kioo kipya, safi, hakina hata mkwaruzo.

"Soma. Kwa sauti. Watu wote wasikie."

 Nikafungua. Nikaanza kusoma:

"Mimi ni Walter, mwalimu wa fizikia. Gemu la Mteremko nimelicheza siku tisa kwenye kompyuta. Alama ninazotoa hapa ni za KOMPYUTA. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, maana nyinyi hapo mnapenda namba kuliko maneno. La simu nitalijazia fomu yake wiki ijayo, na aliyelitengeneza asijipe matumaini. Nililijaribu, simu ikachemka mpaka nikaipepea kwa daftari la mwanafunzi. Sitalipa zaidi ya sitini na tano."

Nikaacha kusoma. 

Sitini na tano! Yaani kwa simu, Mwalimu Walter angeushusha wastani wa gemu la Tahiri mpaka sabini na tano. Nani mwenye akili timamu angejighushia maneno kama hayo? Ningesoma mistari minne tu. Minne!

"Endelea," akasema Mama Ida.

"Lakini kwenye kompyuta! Huyu mtu simjui, na sitaki kumjua kabla sijamaliza kuandika. Ila anajua jambo ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanalisahau kila mwaka. Pikipiki iliyobeba magunia mawili ya korosho haisimami unapotaka wewe, inasimama inapotaka korosho. Nimeanguka mara arobaini na moja. Kila nikianguka najua kosa ni langu. Gemu linalokuonyesha kosa lako bila kukutukana si rahisi kulipata.

"Nimekata alama tatu. Moja, mvua inanyesha lakini barabara haitelezi. Ya pili, mbuzi wote wanavuka kutoka kushoto, sijui kulia wamekosa nini. Ya tatu, sijawahi kumpa mtu mia, hata mwanangu Ida akiniletea daftari safi. Tisini na saba."

Kina mama walikuwa wanalia. Pale kwenye mbuzi wengine walikuwa wamecheka, halafu wakalia zaidi. Ilikuwa ni kama mwenyewe ameingia, amekaa, ameongea.

Na mimi nimekaa katikati yao, mtu aliyeyachukua maneno haya akayageuza kuwa wizi.

Nikapiga magoti palepale.

"Mama Ida, nisamehe. Nimekukosea wewe na mtoto."

"Mimi nitakusamehe. Nina mengi ya kubeba, hilo silitaki. Lakini yule kijana alikuja hapa kwa nauli yake, kaniwekea kioo, hakuchukua kitu. Nenda kamwambie mbele ya haohao uliowaambia."

Niliandika nikiwa nimekaa barazani kwake. Sikusubiri kufika Masasi.

Niliandika yote. Kwamba alama zilitumwa na mjane wa mwalimu, kwa nia njema. Kwamba zilikuwa za kompyuta, zikaingia kwenye simu kwa bahati mbaya. Kwamba maelezo yalisema hivyo wazi na mimi, mwenye ukurasa, sikuyasoma. Nikayaweka maneno ya Mwalimu Walter yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa ruhusa ya mkewe.

Halafu nikaandika sentensi niliyoikwepa miezi minane: "Tahiri alikuwa mchumba wangu."

Nikamwachia Sabina ukurasa. Alishapatikana. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja.

"Gemu lake kwenye kompyuta lilikuwa na wahakiki wangapi?"

"Wanne."

"Walter ni wa tano."

Nilikuwa nimelisahau kabisa! Wanne walikuwa wameshatoa themanini na tano, themanini na tisa, themanini na nne, tisini. Lilikosa mtu mmoja tu kuingia kwenye orodha. Sabina aliwauliza wahakiki wote kumi na watatu waliobaki, mmoja mmoja, kama alama za marehemu zihesabiwe. Wote walikubali.

Themanini na tisa kamili. La kwanza kwenye orodha ya kompyuta!

Lakini Dar walitaka wastani wa simu, na huko lilibaki sabini na saba. Wakachukua gemu jingine. Na wale walioshea posti yangu ya kwanza, elfu na elfu, ya pili hata robo yao hawakuishea. Mpaka leo kuna watu nikipita nasikia, "Yule mchumba wake si ndiye aliyeiba simu ya maiti?" Nasimama, naeleza. Wananisikiliza, wanaitikia, wiki ijayo wanarudia kulekule.

Jumapili nilikwenda kwa Tahiri na debe la rangi ya bluu. Nilimkuta amekaa nje ya kibanda, mlango haujafunguliwa. Nikaanza kupaka yale maandishi. Hakunizuia, hakunisaidia.

Nilipomaliza nikakaa kwenye benchi, mbali naye kidogo.

"Nimesoma ulichoandika," akasema.

"Tahiri, mimi..."

"Umefanya vizuri. Ahsante."

"Naomba unisamehe."

"Nimeshakusamehe."

Nikamtazama. Nilitamani aseme neno jingine. Alikuwa anaangalia mlango, rangi inatiririka.

"Unajua kilichoniuma?" akasema. "Miaka minne nimetengeneza lile gemu. Wewe ulikuwa unakuja hapa kila jioni. Hukuwahi kulicheza hata mara moja. Uliniambia utasubiri wastani."

 Ilikuwa kweli.

Wadau wangu, mimi sina shahada ya mambo ya mapenzi. Ninachojua ni kidogo. Mtu wako akikupa maneno, usikimbilie kumpa alama. Msome mpaka mwisho. Muulize swali la pili, hata kama la kwanza limekuchoma. Na kama una siri inayoweza kukugeuka, itoe mwenyewe mapema, maana ukiificha itakufanya umtupe mtu mwema ili wewe ubaki safi.

Na kabla ya kushea posti ya kumchafua mtu, hata ikiwa yangu, subiri kidogo. Upande wa pili nao una mdomo.

Sasa hivi Sabina ndiye mwenye ukurasa. Mimi kazi yangu ni kusoma maelezo ya wahakiki, yote, na ninayasoma kwa sauti na kuwawekea msikilize. Namba mnapewa mwisho.

Tahiri alihamia Newala. Anafundisha kompyuta kwa vijana, na nasikia mvua ya kwenye gemu lake siku hizi inatelezesha barabara.

Najua kwenye komenti mtauliza kama tulirudiana.

Hapana.

Mwezi uliopita nililicheza Mteremko kwa mara ya kwanza, kwenye kompyuta ya steshenari, mchana mzima, mlango nimeufunga. Nilianguka mara nyingi kuliko Mwalimu Walter. Nikamwandikia Tahiri maelezo, kurasa mbili. Sikuweka namba.

Alijibu siku ya tatu: "Nimeyasoma yote."